Jina Peke Yake Halivuki Bahari

Hotuba niliyoitoa kwenye mkusanyiko wa wazungumzaji wa Kiswahili, Massachusetts

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, dada na kaka zangu mliotoka Lowell na Worcester, na nyinyi mliokuja kutoka Maine na theluji yote hii barabarani, ahsanteni sana. Nimeombwa nieleze kazi ninayoifanya, na nimepewa dakika thelathini.

Kazi yangu ni ya chumba cha nyaraka. Mtu anafika mezani, ananitajia jina la ukoo wake, namtolea maboksi na vitabu, kisha namsaidia kusoma miandiko ya zamani. Karibu wote wana swali moja. Babu yao wa kwanza alishuka pwani hii kati ya mwaka 1620 na 1640. Kumbukumbu za hapa zinamwonyesha akigawiwa shamba, akilipa kodi, akizika watoto wake. Wanachokitaka ni kijiji alichokiacha Uingereza. Kwa miaka mingi niliona hayo ni yao, mimi namtumikia mteja tu.

Kisha binti yangu wa darasa la nne akarudi nyumbani na karatasi yenye mchoro wa mti, aijaze majina ya mababu. Upande wangu ulichukua muda wa simu moja. Mama yangu, aliyeko Muheza, alitaja majina sita bila kupumzika, mtoto kwa baba, mpaka kwa yule aliyeteremka kutoka milimani. Upande wa mke wangu, ambaye ni mzaliwa wa hapahapa, shangazi yake alikuwa na daftari zima. Majina yalipanda mpaka kwa mwanamume mmoja aliyefika mwaka 1638. Juu yake palikuwa peupe. Najua humu ukumbini wako wengi waliooa na kuolewa hapa, na watoto wao wana karatasi kama ile. Kwa hiyo asili ya walowezi hawa si habari za jirani tena. Ni nasaba ya watoto wetu, na nasaba ya mtoto haikatwi nusu.

Tuanze na kinachowezesha kazi yenyewe. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia Uingereza iweke daftari la ubatizo, ndoa na mazishi, na sanduku la kulihifadhia lenye makufuli mawili ili padri asiweze kulifungua peke yake. Mwaka 1598 ikaamriwa tena kwamba madaftari ya karatasi yanakiliwe kwenye ngozi, hasa kuanzia mwaka 1558 Malkia Elizabeth alipoanza kutawala. Neno hilo "hasa" limetugharimu. Makarani wengi walianza nakala zao 1558 na kuiacha miaka ishirini ya nyuma, kisha karatasi za awali zikapotea. Ndiyo maana kijiji kimoja kinakupa babu wa babu, na cha jirani hakikupi hata baba. Kinachotuokoa mara nyingine ni kwamba kila mwaka parokia ilitakiwa kupeleka nakala kwa askofu. Palipo na daftari lililoliwa na panya, nakala ya askofu huenda ipo.

Ukiuona ukurasa wenyewe kwa mara ya kwanza unaweza kukata tamaa. Wino umegeuka rangi ya chai. Herufi e imeandikwa kinyumenyume, s ni ndefu kama f, na jina la kijana limefupishwa kwa mkwaju mmoja juu ya herufi. Mara nyingi mtoto anatajwa kwa jina la baba tu, mama hayupo kabisa.

Na tarehe nazo zina mtego. Waingereza wa siku zile walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, na wakaendelea hivyo mpaka 1752. William Bradford, aliyekuja kuwa gavana wa koloni la Plymouth huku Marekani, amebatizwa Austerfield tarehe 19 Machi 1589 kwa hesabu ya karani wake. Kwa hesabu yetu ni 1590. Sisi tunaosema saa moja asubuhi pale Mzungu anaposema saa saba hatuna haja ya kufundishwa hili. Tunajua kwamba watu wawili wanaweza kutaja wakati mmoja kwa namba mbili na wote wakawa wakweli. Lakini wageni wangu wengi huona mtoto amebatizwa Februari 1610 na wazazi wake wameoana Juni 1610, wakaanza kuwanong'ona marehemu bure. Kwa kalenda ile, Februari ndiyo iliyofuata Juni.

Sasa niwaambie kosa langu, maana ndilo lililonifundisha kuliko kitabu chochote. Baada ya ile karatasi ya shule niliamua kumtafuta yule mzee wa 1638 mwenyewe. Nikampata kwenye daftari la parokia moja ya Suffolk, Uingereza. Jina lake lilikuwa hilohilo, na mwaka wa ubatizo ulilingana na umri aliojitajia mahakamani hapa Massachusetts. Nikaandika kwa wino kwenye karatasi ya mtoto, nikapiga simu kwa wakwe, tukafurahi. Shangazi akaagiza fremu. Miezi minane baadaye nilikuwa namtafutia mgeni mtu mwingine kabisa katika daftari lilelile, upande wa mazishi, na macho yangu yakaangukia jina letu. Mwana wa baba yuleyule. Amezikwa akiwa na wiki sita. Nilikuwa nimewapa watu wazima na mtoto wangu babu ambaye hakuwahi hata kukaa, sembuse kuvuka bahari.

Tangu siku ile sifungi jambo kabla sijasoma mazishi. Wanaume wa Kiingereza wa wakati ule waligawana majina machache mno: John, Thomas, William, Richard, Robert. Katika wilaya moja unaweza kuwa na akina John Smith kumi waliopishana miaka miwili mitatu. Jina likifanana umepata dokezo tu.

Kibaya zaidi ni kwamba wapo waliolifanya kufanana kwa majina kuwa biashara. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwepo hapa Marekani mtu aliyejiita Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden. Matajiri walimlipa maelfu ya dola, naye akawarudishia nasaba zilizofika kwa makabaila na wafalme. Alichanganya nyaraka za kweli na kiungo kimoja cha uongo, mara nyingi palepale baharini, kati ya kijiji cha Uingereza na mlowezi wa Marekani. Alifariki mwaka 1942, lakini koo alizozitunga zingali zinanakiliwa. Mtu huniletea kitabu chenye nembo ya simba na taji, na mimi ndiye wa kumwambia, mama yangu, nembo hii si yako. Nimeona watu wakilia. Wanalia kwa sababu walifundishwa na bibi zao, na bibi zao waliambiwa ukweli na mtu waliyemlipa.

Na kuna simulizi ya ndugu watatu. Karibu kila ukoo wa kale wa New England, yaani majimbo haya ya kaskazini mashariki, unayo: walikuja ndugu watatu, mmoja akabaki hapa, mmoja akaenda kusini, wa tatu hakusikika tena. Siicheki, maana nasi pwani tunayo ya merikebu saba kutoka Shiraz, baba na wanawe sita, kila mmoja akashuka mahali pake na mmoja akashuka Kilwa. Simulizi kama hizi zinasema jambo la kweli kuhusu watu wanaotaka kuitana ndugu. Kutoa cheti cha ubatizo si kazi ya simulizi.

Kama jina halitoshi, nini kinavuka bahari? Acha niwachukue kwa mtu ambaye jina lake mnalijua nyote. John Harvard alifariki Charlestown, ng'ambo tu ya mto kutoka Boston, mwaka 1638, akiwa na miaka 30. Alikuwa amekaa hapa mwaka mmoja na kidogo. Aliacha nusu ya mali yake na vitabu kama 400 kwa chuo kipya, na chuo kikachukua jina lake. Watu walijua kwamba alisoma Emmanuel College kule Cambridge ya Uingereza. Wazazi wake, mahali alipozaliwa, hakuna aliyejua, kwa karibu miaka 250. Mwaka 1884 walimsimamishia sanamu ya shaba, na kwa kuwa hapakuwa na picha yake hata moja, mchongaji Daniel Chester French alimweka mwanafunzi mmoja kitini awe kielelezo.

Wakati sanamu inachongwa, mtu mmoja alikuwa amejiinamia London. Chama cha Historia na Nasaba cha New England, kilichoanzishwa Boston mwaka 1845, kilimtuma Henry FitzGilbert Waters mwaka 1883 akasome wosia. Wosia wa wenye mali kusini mwa Uingereza ulipitia mahakama ya mirathi ya Askofu Mkuu wa Canterbury, na mabuku yake yalikuwa Somerset House. Waters aliyasoma jalada kwa jalada, akinakili kila palipotajwa New England au jina la mlowezi.

Na hapo akamkuta mwanamke aitwaye Katherine Yearwood, mjane wa Southwark, aliyeandika wosia mwaka 1635. Anamtaja mwanawe mkubwa, John Harvard, na mdogo wake Thomas, na John anamwachia nyumba ya wageni iitwayo Queen's Head. Mama wa Harvard alikuwa amefichwa na jina la mume wa tatu. Baba yake John, mchinja nyama Robert Harvard, alikufa katika tauni ya 1625 pamoja na watoto wake kadhaa. Katherine akaolewa na fundi wa mapipa, akafiwa. Akaolewa na Yearwood, muuza vyakula, akafiwa tena. Ungemtafuta bi Harvard makaburini mpaka kiama usimpate. Mwenyewe alizaliwa Rogers, Stratford-upon-Avon, na nyumba ya baba yake bado imesimama.

Lakini angalieni Waters alivyokuwa mwangalifu. Hakusema, jina ni hilo, tumemaliza. Alitafuta wosia wa yule mdogo, Thomas, wa mwaka 1636. Thomas alikuwa ameweka wasimamizi wawili, kaka yake John na mtu aitwaye Nicholas Morton. Wosia ulipothibitishwa Mei 1637, aliyeapishwa ni Morton peke yake, na mahakama ikabakiza nafasi ya John atakapokuja kuidai. Hakuja. Kiangazi kilekile jina la John Harvard linaingia kwenye orodha ya wakazi wa Charlestown. Kuna pia hati ya upangaji ya 1635 yenye sahihi za ndugu wote wawili, na sahihi ya John ikalinganishwa na ile aliyoiacha chuoni Cambridge. Mkono ni mmoja.

Na ubatizo? Ulikuwepo muda wote katika daftari la kanisa la St Saviour's, Southwark, tarehe 29 Novemba 1607. Karani aliandika "Harvye", mwana wa Robert, mchinja nyama. Aliyefuata tahajia alimpita. Waters alifuata mali, akafuata ndugu, akafuata sahihi, na mwisho wake akafika kwenye jina. Kila ninapopita kwenye ile sanamu namwaza mama yule wa Southwark aliyezika waume watatu na kuhakikisha wanawe wana pa kuanzia.

Kitu kingine kinachovuka bahari ni jirani. Watu hawa hawakusafiri mmoja mmoja kama sisi na viza zetu. Mhubiri aliandamwa na askofu kwa Upuritani wake, ile imani ya kutaka kulitakasa Kanisa la Uingereza, akaondoka, na nusu ya kijiji ikamfuata. Hingham ya Norfolk, Uingereza, ilitoa watu wengi hata mji wao mpya, kusini ya Boston, ukaitwa Hingham vilevile. Kijana mmoja aliyetoka huko mwaka 1637, mwanagenzi wa mfumaji, aliitwa Samuel Lincoln. Zaidi ya miaka 200 baadaye mtu wa Hingham alimwandikia mbunge wa Illinois, Abraham Lincoln, kumuuliza asili yake. Abraham alijibu mwaka 1848 kwamba anajua babu yake alitoka Virginia, na kuna fununu za Pennsylvania. Zaidi ya hapo, hana. Leo mstari wake umefungwa vizazi vyote mpaka kwa Samuel, na kanisani Hingham ya Norfolk kuna sanamu yake ya kichwa. Yeye mwenyewe alikufa hajui.

Kwa hiyo mgeni akikwama, humwambia amwache babu yake kidogo na atafute walioishi ubavuni mwake, waliomshuhudia kwenye hati, waliooza watoto kwake. Mmoja wao atakuwa ameacha neno. Stephen Hopkins, abiria wa merikebu Mayflower, aliwekwa kimakosa Gloucestershire kwa miaka mingi. Mwaka 1998 mtafiti Caleb Johnson alionyesha kwamba ni wa Hursley, Hampshire, kwa sababu kule hakumkuta Stephen peke yake, alimkuta na watoto wake Constance na Giles, haohao waliopanda naye merikebu. Baba aweza kufanana jina na mtu. Nyumba nzima haifanani.

Mradi wa Great Migration, ulioanzishwa mwaka 1988 chini ya Robert Charles Anderson, unafanya hivyo kwa walowezi wote wa 1620 mpaka 1640, ambao ni kama watu 20,000. Mtu mmoja mmoja, kila kilichoandikwa juu yake, na palipo na uongo wa zamani panaandikwa wazi kwamba ni uongo. Mwenye kuanza aanze huko. Miti ya mtandaoni aitumie kama mtu anavyotumia maneno ya sokoni, akayathibitishe kwanza. Vipimo vya DNA vinasaidia, ila kwa mtu wa vizazi kumi na viwili nyuma damu imeshapungua mno; bila karatasi vinakuacha njiani.

Ndugu zangu wa Kenya, hii ni yenu. Mwaka 1635 Samuel Hinckley wa Tenterden, Kent, alipanda merikebu Hercules bandarini Sandwich na mkewe Sarah na watoto wanne. Watafiti wamefuata uzao wake, na ndani yake wamo George Bush, na Barack Obama kwa upande wa mama yake. Kijana wa Kogelo ana kijiji Kent. Tulipomshangilia mwaka 2008 wengi wetu tulijua nusu moja tu ya mti wake.

Na mama yake Obama ana tawi jingine. Mwaka 1640 mahakama ya Virginia iliwahukumu watumishi watatu waliomtoroka bwana wao. Wawili, Mzungu wa Uholanzi na Mskoti, waliongezewa miaka minne. Wa tatu, Mwafrika aitwaye John Punch, alihukumiwa kutumikia maisha yake yote. Mwaka 2012 watafiti walitangaza, kwa nyaraka na DNA, kwamba kuna uwezekano mkubwa mama yake Obama ni wa uzao wa John Punch. Damu ya mtumwa wa Marekani ilimfikia Obama kwa mama, mwanamke mweupe wa Kansas, wala si kwa baba aliyetoka Afrika.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya mwaka ule wa mzee wetu, 1638. Mwaka huohuo merikebu Desire ilitia nanga Boston na Waafrika waliouzwa, na gavana John Winthrop akaandika kwenye shajara yake pamba, tumbaku na watu hao katika mstari mmoja. Hakuandika jina hata moja. Wajukuu wa abiria wa Hercules wana cheti cha padri wa Tenterden. Wajukuu wa waliokuwa Desire wanakuja mezani kwangu, nami sina boksi la kuwatolea. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi katika kazi hii, si miandiko.

Nimalizie na ile karatasi. Yule mtoto wa wiki sita tulimfuta. Ilichukua miaka miwili mingine. Mzee wa 1638 alipatikana kwa wosia wa shemeji yake, kijiji cha tatu kutoka pale nilipokosea, aliyeacha shilingi kumi kwa "kaka wa mke wangu aliyeko New England". Daftari la kijiji hicho lina ubatizo wake, na baba yake, na upande wa mazishi nimeusoma wote.

Jioni ile nilimpigia mama Muheza, simu juu ya meza, binti yangu na kalamu mkononi. Mama alisikiliza yote, kisha akauliza, "Na mama yake huyo mzee, aliitwa nani?" Nikamwambia karani hakumwandika. Akanyamaza kidogo. "Basi mwambie mjukuu wangu amwekee kiduara chake. Jina likipatikana apate pa kukaa." Binti yangu akakichora, upande wa kulia wa baba, akakiacha kitupu.